Moja kwa Moja, Huwezi Kupotea

Wapo watu duniani wanaosema kuuliza si ujinga. Hao hawakuzaliwa Castello. Pale Castello, upande wa mashariki wa Venisi, mtu mzima akisimama kichochoroni kuuliza njia, basi ama ni mtalii, ama ni mtu wa nchi kavu. Na kwa hesabu za Gildo Busetto tofauti ya hao wawili ni moja tu: mtalii, angalau, kesho ataondoka.

Gildo alikuwa na miaka sabini na minne. Thelathini na minne kati ya hiyo aliimaliza akiwa mfunga kamba kwenye boti za abiria. Boti inakaribia gati, Gildo anarusha kamba, anaizungusha kwenye chuma, anafungua lango, anawafokea watu wasogee, anafungua kamba, safari. Kazi hiyo ilimfundisha mambo mawili. La kwanza ni majina ya vituo vyote, ambayo angekutajia usingizini, kwenda na kurudi. La pili ni dharau. Aliwapanga watalii kama muuza samaki anavyopanga meza yake. Walikuwepo wa masanduku ya magurudumu, wanaoamsha mtaa mzima alfajiri. Walikuwepo wa kofia zinazofanana, wanaofuata mwavuli kama vifaranga. Walikuwepo wapenzi, wanaosimama katikati ya daraja kubusiana kana kwamba daraja lilijengwa kwa ajili ya midomo yao. Wabaya kuliko wote walikuwa wale wanaodai wanataka kuuona mji wenyewe hasa, kisha wanakuchungulia jikoni.

Wote hao walipomuuliza njia aliwapa jibu moja, alilorithi kwa baba yake pamoja na pua: "Moja kwa moja, huwezi kupotea."

Sasa, Venisi hakuna njia inayonyooka hatua arobaini kabla ya kugonga ukuta, kanisa au maji. Gildo alilijua hilo. Ndiyo raha yenyewe.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi, mdogo wake Elvira alishuka kwenye boti ya asubuhi akiwa na mkoba wa kahawia, na ndani ya mkoba mlikuwa na hati ya kuuza nyumba ya marehemu mama yao.

Elvira aliolewa Mestre mwaka 1979. Mestre ni pale ng'ambo ya daraja la reli, dakika kumi kwa treni. Gildo alimlilia dada yake kama aliyemezwa na bahari, kisha akakaa miaka arobaini na ushei bila kwenda kumtembelea. "Ni mbali," alikuwa akisema. Huko mbali Elvira alizaa, akafiwa na mume, akaendesha basi la mji miaka ishirini na sita bila kukwaruza hata kioo.

Nyumba ilikuwa yao wote wawili, nusu kwa nusu, na Gildo ndiye aliyekaa humo. Mnunuzi alitaka kuigeuza nyumba ya kulaza watalii, vitanda kumi na kimoja, hata chumba alichofia mama vitanda vitatu. Elvira akiuza nusu yake, sheria ingemburuta Gildo naye auze, na kwa fedha za nusu yake asingepata Venisi hata tundu la kufugia njiwa. Elvira alishamtafutia makazi: Mestre, ghorofa ileile anayokaa yeye, mlango unaotazamana na wake, jengo lenye lifti. "Lifti," Gildo aliwaambia wenzake kwenye kilabu cha mvinyo cha Oreste, kwa sauti ambayo wengine huitumia kutaja ugonjwa.

"Umekonda, kaka," Elvira alisema pale gatini.

"Na wewe umenenepa. Ni moshi wa magari huo."

"Saa kumi na moja jioni kwa wakili, mtaa wa San Pantalon. Usije ukajifanya umesahau."

"Nipe siku ya leo," Gildo alisema. Alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno haya mbele ya kioo. "Mpaka hiyo saa kumi na moja nikutembeze. Maana tangu msiba wa mama hujakanyaga hapa, na siku ya kumzika ulikuja na ramani."

"Haikuwa ramani. Ilikuwa ratiba ya misa."

"Uliikunjua kama ramani."

Hadithi hiyo ya ramani Gildo alikuwa ameisimulia kwa Oreste miaka sita mfululizo: dada yangu, mzaliwa wa nyumba ileile, kaja kumzika mama mzazi na ramani mkononi. Watu walicheka hadi mvinyo ukawatokea puani. Kila mwaka ramani ilizidi kuwa kubwa.

"Nikishindwa kukuonyesha kwamba huu bado ni mji wa watu kama sisi," Gildo aliendelea, "nitatia saini mwenyewe. Bila kunung'unika."

"Na bila kununa?"

"Kununa ni haki yangu."

Elvira alitazama saa, akauning'iniza mkoba begani. "Haya, tangulia."

Kuna jambo ambalo Gildo hakumwambia dada yake, kwa sababu hata yeye mwenyewe alikuwa hajajiambia. Tangu astaafu, miaka kumi na minne, maisha yake yalikuwa ndani ya madaraja manne: la mkate, la mvinyo, la kanisa kwa ajili ya mazishi, na la kwenda kwenye benchi lenye jua. Na kabla ya hapo mji aliuona kutoka majini. Alijua uso wa kila jumba la kifalme. Migongo ya majumba hayo alimwachia Mungu na watalii.

Walifika uwanja wa Santa Maria Formosa ukiwa umefurika. Juu ya kichochoro kimoja nguo zilikuwa zimeanikwa kutoka dirisha hadi dirisha, na chini yake vijana wawili wenye makoti ya mvua ya njano yaliyofanana, mume na mke au walio njiani kuwa hivyo, walikuwa wakizipiga picha. Msichana alilala chali kabisa juu ya mawe ili apate chupi mbili kubwa nyeupe na anga nyuma yake.

"Unaona?" Gildo alisema kwa ushindi. "Watu bado wanaishi. Wanafua. Wanaanika."

Elvira alifunika macho kwa kiganja, akatazama juu. "Kaka, hizo chupi zimefungwa kwa waya."

"Waya gani?"

"Waya. Zimekazwa ili upepo usizibebe. Na zile soksi zimepauka upande mmoja tu. Hizo hazijavaliwa na binadamu yeyote mwaka huu. Ni pambo la nyumba ya wageni."

Gildo alitazama. Waya ulimeta kwenye jua. Hapo kijana wa koti la njano akamjia na kumuuliza, kwa Kiitaliano cha kuokoteza, njia ya kwenda kanisa la Frari. Kilikuwa kitulizo kilichokuja kwa wakati. Gildo alinyoosha mkono kuelekea mashariki, ambako Frari haijawahi kuwako tangu dunia iumbwe.

"Moja kwa moja," alisema kwa upole wa kibabu. "Huwezi kupotea."

"Bado tu una ujinga huo?" Elvira aliuliza wale walipokwisha kushukuru na kwenda zao.

"Ni mila."

Walivuka mfereji mkuu pale Santa Sofia kwa mashua ya kuvushia watu. Hapo pana sheria isiyoandikwa popote: mwenyeji husimama, mgeni hukaa. Ukikaa umejitangaza. Gildo hakuwa amevuka pale tangu magoti yaanze kumsaliti, yapata miaka kumi na mitano, lakini alipanda na kusimama kidete, mikono nyuma, kidevu juu, kama sanamu ya mtu aliyejilipia sanamu.

"Wewe kaa, dada," alisema kwa sauti ya kusikika na mashua nzima. "Watu wa nchi kavu hawana miguu ya maji."

Boti kubwa ikapita. Wimbi likaja. Gildo akajikuta ameshikilia kwa mikono miwili kichwa cha Mjerumani mmoja aliyekuwa ameketi mbele yake. Si bega, kichwa. Mjerumani, mtu mwenye adabu zake, alitulia tuli hadi ng'ambo kama anayepewa baraka. Elvira alikuwa amesimama wima kama nguzo ya taa, anamenya chenza.

"Miguu hiyo umeipata wapi?" Gildo alimuuliza walipotua.

"Kwenye basi la saa moja asubuhi. Vijana wa Mestre hawampishi mzee kiti."

Gildo hakujali. Alikuwa na silaha yake ya mwisho, nayo ilikuwa dagaa. Nyuma ya soko la samaki, kwa Olindo, kulikuwa na dagaa wa siki, waliolazwa siku mbili chini ya vitunguu na zabibu kavu, ambao ukiwala na kikombe kidogo cha mvinyo mweupe unawasamehe hata maadui. Aliwasifia njia nzima. Alimwambia Elvira kwamba mji wenye dagaa wale hauwezi kuitwa mji uliokufa. Wakakata kona, na pale kwa Olindo wakakuta dirisha, na ndani ya dirisha binti aliyevaa kofia ya karatasi anakata piza kwa mkasi.

"Olindo yuko wapi?" Gildo aliuliza.

Binti alitazama orodha ukutani. "Hiyo ni yenye uyoga?"

Elvira alimvuta kaka yake pembeni. "Gildo. Olindo si alifariki?"

"Alifariki mwaka 2009," Gildo alikiri. "Nilikuwepo mazishini. Lakini sikudhani na dagaa nao."

Walinunua piza, wakaila wameketi kwenye ngazi za daraja, mpaka akaja kijana mwenye kizibao cha ulinzi kuwaambia kwamba kukaa hapo kumekatazwa. Aliwaambia kwa Kiingereza. Gildo alimjibu kwa Kivenisi kizito ambacho hakifai kuandikwa. Kijana akatabasamu, akasema pole, na kurudia kwa Kiingereza, polepole zaidi.

Ilikuwa saa tisa na nusu. Mwenye busara angehesabu: chupi za waya, kichwa cha Mjerumani, dagaa wa marehemu. Angemwambia dada yake neno moja la unyenyekevu, huenda lingefaa. Gildo akasema, "Kutoka hapa mpaka San Pantalon naweza kwenda nimefumba macho. Nitakupitisha njia ambayo hakuna mtalii aliyewahi kuikanyaga."

Njia hiyo aliijua mwaka 1971, alipokuwa akimfuata binti wa mtengeneza viti ambaye baadaye aliolewa na mwingine. Alikuwa ameihifadhi kwa maduka: kwa muuza maziwa, kulia, kwa fundi wa miamvuli, kushoto, kwa muuza kofia, vuka daraja. Ni hivyo wazaliwa wa mji ule wanavyojua njia. Majina ya vichochoro yamepakwa ukutani kwa ajili ya matarishi na wageni.

Pale kwa muuza maziwa walikuta duka la barakoa. Gildo akakata kulia hata hivyo. Pale kwa fundi wa miamvuli, au palipofanana napo, walikuta barakoa. Kwa muuza kofia kulikuwa na vidani vya kioo, na barakoa. Walivuka daraja, wakavuka jingine, wakapita chini ya nyumba, wakatokea kwenye uwanja wenye kisima, wakarudi walikotoka wakidhani wanasonga mbele. Barakoa moja yenye pua ndefu, iliyotundikwa mlangoni, ilianza kumtazama Gildo kama jamaa yake.

"Hapa tumeshapita," Elvira alisema.

"Ni duka jingine. Yanafanana."

"Hii ni mara ya tatu. Muuzaji ameanza kutusalimia."

Na kweli, muuzaji alikuwa ametoka mlangoni. Jina lake Shafiqul, mzaliwa wa Bangladeshi, miaka ishirini na miwili katika mji ule, na Kivenisi chake kilikuwa safi kuliko cha wajukuu wa kilabu kizima cha Oreste.

"Karibu tena, bi mkubwa," alisema. "Mzee kapoteza kitu?"

"Tunatafuta San Pantalon," Elvira alisema.

"Hatutafuti," Gildo alidakia. "Tunatembea."

"Haya, mzee, kama mnatembea tu, tembeeni moja kwa moja," Shafiqul alisema, akionyesha kichochoro kilichokuwa mbele yao. "Huwezi kupotea."

Gildo alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu mashuani. Alisubiri wafike mbali kidogo, kisha akamshika dada yake mkono. "Umemsikia? Ananilisha chakula nilichopika mwenyewe. Jibu hilo nimewapa watu miaka arobaini, nalijua hadi utumbo wake. Mtu wa hapa akikwambia moja kwa moja, kata kushoto."

"Na kama kasema kweli?"

"Kwa nini aseme kweli? Kwa Kivenisi kile, amekaa hapa si chini ya miaka ishirini."

Shafiqul alikuwa amesema kweli. Ni dakika nne tu kutoka pale. Gildo alikata kushoto.

Kichochoro kikapungua upana mpaka mabega yakagusa kuta pande zote mbili, kikapinda, kikapinda tena, kikaisha. Mbele palikuwa na ngazi tatu zenye utelezi wa kijani, kisha maji. Chupa ya plastiki ilikuwa ikielea, inagonga ukuta, inarudi. Juu ya mapaa kengele za Frari zikaanza kulia saa kumi na moja, na zilisikika karibu sana, karibu kiasi cha matusi.

Elvira alisubiri mpaka kengele ya mwisho ilipokwisha. "Umenileta huku makusudi," alisema, "ili tuchelewe kwa wakili."

Gildo alifungua kinywa. Neno "ndiyo" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Lilikuwa neno tamu. Angekuwa mjanja, mzee wa hila aliyemzungusha dada yake wa nchi kavu siku nzima, na kwa Oreste wangelisimulia miaka kumi.

"Ngoja, usijibu bado," Elvira alisema. Aliuweka mkoba kwenye ngazi kavu. "Kama ni makusudi, sawa. Kesho saa tatu asubuhi narudi peke yangu natia saini, na wewe fungasha. Sitaki kuona chupi za waya kwenye kamba ya mama, lakini nitavumilia. Unajua kwa nini nauza? Si fedha. Nimechoka kuwa mgeni katika mji niliozaliwa, kwa sababu ya ulimi wako. Nilikwenda kununua mkate siku ya arobaini ya mama, mwoka mikate akaniuliza kama nimekuja na ramani. Mwoka mikate, Gildo. Nimesoma naye."

Gildo alitazama maji.

"Na kama umepotea," Elvira aliendelea, "kupotea hasa, kama binadamu, basi sema. Uliza njia ya kwenda nyumbani, mimi nikiwa hapa nasikia. Ukifanya hivyo nusu yangu haiuzwi mpaka nife."

"Nimuulize nani? Hakuna mtu hapa."

Lakini Mungu naye ana utani wake. Hatua zilisikika zikipinda kichochoroni, zikapinda tena, na wakatokea wale wawili wa makoti ya njano, wekundu umewapanda usoni, viatu mkononi. Walikuwa wakiitafuta Frari tangu asubuhi. Simu zao zilikuwa zimezima, na msichana alikuwa ameshika ramani ya karatasi, kubwa kama shuka, imechanika kwenye mikunjo. Alimtazama Gildo. Kisha akamtazama tena.

"Ni wewe," alisema.

"Si yeye," Gildo alisema.

"Ni yeye," Elvira alisema. "Na ana swali."

Wenye akili mtasema ni jambo dogo. Ni nyumba upande huu, na upande ule ni sentensi moja mbele ya wageni wawili wasiojua hata jina lako. Wenye akili hamjawahi kukaa kwenye kilabu cha Oreste. Gildo alilifikiria lile jengo la Mestre, lifti inavyopanda, mlango unafunguka, mtu asiyemjua anamwambia habari za asubuhi. Akafikiria kamba ya nguo ya mama. Alifikiria pia kujitumbukiza majini, lakini maji ya pale hayamfiki mtu kifuani, na angetoka ananuka.

"Samahani," alisema, na sauti yake ilikwaruza kama lango lisilotiwa mafuta. "Nimepotea."

"Sijasikia mwisho," Elvira alisema.

"Nimepotea. Naomba mnionyeshe njia ya kwenda Castello."

Yule kijana angeweza kulipiza kisasi, na hakuna hakimu ambaye angemlaumu. Badala yake alimkunjulia ramani, akampa Gildo ncha mbili azishike, naye akaanza kufuatilia kwa kidole. Na Gildo, mfunga kamba miaka thelathini na minne, mzaliwa na mwana wa mzaliwa, akasimama katikati ya kichochoro kisicho na mwisho mwingine ila maji, mikono imetanuka, ramani imemfunika kutoka kidevuni hadi magotini, miwani puani, akifuata kidole cha mtalii kama mtoto anayefundishwa alfabeti.

"Rudini mpaka dukani pale kwenye barakoa ndefu ya pua," kijana alisema kwa Kiitaliano chake kibovu. "Ukivuka daraja, ni moja kwa moja. Huwezi..." Akasita, akamtazama mzee kwa mashaka.

"Najua," Gildo alisema.

Hapo ndipo aliposikia mlio mdogo. Elvira alikuwa ameshika simu yake kwa mikono miwili, jicho moja limefumbwa.

"Hilo halikuwa kwenye mapatano," Gildo alisema.

"Tulia, kaka. Geuka kidogo, ramani ionekane."

Walirudi Castello jioni hiyo Elvira akiwa mbele. Vijana wa njano aliwapeleka yeye mwenyewe mpaka mlango wa Frari, ambao ulikuwa umeshafungwa. Hati haikutoka tena mkobani. Sasa Elvira huja kila Alhamisi, hulala chumba cha mama, huanika nguo zake kwenye kamba ya mama bila waya wowote, na mwoka mikate humsalimia kwa jina. Utani wa ramani mwoka mikate amemhamishia mwingine sasa.

Picha ipo kwa Oreste, imebandikwa juu ya pipa, mahali ambapo hata mlevi haikosi. Wateja wapya huuliza yule mzee aliyefunikwa na ramani ni nani. Gildo huweka kikombe chini, hupangusa mdomo, na huwajibu kwa utulivu wa mtu ambaye angalau bado ana paa lake.

"Hiyo si ramani," husema. "Ni ratiba ya misa."